Mtu wa Tatu Chumbani kwa Daktari

Riwaya ya Afterlives ya Abdulrazak Gurnah nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa 2021, mwandishi alipopata Nobel na kila mtu mjini akawa anajidai amemsoma tangu zamani. Niliisoma mbiombio, kama mwandishi wa habari anayedaiwa makala na mhariri. Mara ya pili nimeisoma kwenye mabenchi ya hospitali huku Tabora, kurasa tano leo, kumi wiki ijayo, nikiwa nimemsindikiza bibi yangu kliniki. Kitabu ni kile kile, ila mara hii kilinikamata sehemu nyingine kabisa.

Mara ya kwanza niliandika kuhusu vita, Wajerumani na askari. Ndivyo tulivyoandika karibu wote. Mara ya pili nilijikuta nafuatilia jambo dogo tu: kila mahali ambapo mtu anamuuliza mwenzake yaliyompata. Nani anauliza, nani yuko karibu anasikia, na jibu linatoka kwa mdomo wa nani. Nitaeleza kwa nini, lakini inabidi nianze na benchi.

Bibi yangu, mzaa mama, alivuka kuingia Tanzania mwaka 1972. Ni mwaka wa mauaji makubwa Burundi, ambapo Wahutu waliosoma waliwindwa mmoja mmoja na makumi ya maelfu ya wengine wakakimbilia upande huu. Serikali ikawapa pori la Ulyankulu, magharibi ya Tabora mjini. Wakalifyeka, wakalima mahindi na tumbaku. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji yalipokuwa shida, wengi walihamishiwa Mishamo, upande wa Mpanda, Bibi akabaki. Karatasi ya uraia alikuja kuipata akiwa na mvi kichwa kizima, pamoja na wenzake zaidi ya 160,000. Kiswahili anakijua, tena vizuri, lakini ni cha sokoni na cha chama cha msingi cha tumbaku. Kuumwa, Bibi anaumwa kwa Kirundi.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, nadhani mdogo kwangu kwa miaka mitatu minne. Alinyanyuka kwenye kiti, akamwambia "Shikamoo bibi", akamvutia stuli karibu. Nayasema haya ili msomaji asidhani nimekuja hapa kumsema daktari. Nje kulikuwa na foleni ya watu wasiopungua arobaini na yeye alikuwa peke yake.

"Bibi anasumbuliwa na nini?" akaniuliza. Mimi, si Bibi.

Bibi akaeleza, tena kwa kirefu. Usingizi hauji. Usiku, hasa mvua zinapoanza, umutima unamsumbua. Aliyezoea mashairi yetu ya zamani atamtambua mara moja ndugu wa neno hilo, mtima, ambao siku hizi tumeuachia washairi. Kwa Bibi, umutima ni mahali mtu anapoweka hasira zake, kumbukumbu na wafu wake. Nikatafsiri: "Anasema moyo unamsumbua." Daktari akaandika. Tukapimwa presha, tukaandikiwa kipimo cha moyo, tukaenda kupanga foleni nyingine. Moyo wa Bibi ukakutwa hauna neno.

Lakini kabla hatujatoka aliuliza swali moja zaidi, lile lililopo kwenye fomu: huko nyuma amewahi kupata tatizo lolote kubwa? Bibi akajibu kwa sentensi moja. Ilihusu mto Malagarasi, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake walipoingia majini. Ndipo nilipojua kwamba mama yangu alikuwa na dada mkubwa. Daktari ananitazama, kalamu iko juu ya karatasi. Nikamwambia, "Hapana, hajawahi."

Sasa turudi kwa Gurnah.

Hamza, mhusika wake, anarudi kwenye mji wa pwani baada ya Vita Kuu ya Kwanza akiwa anachechemea. Alikuwa askari wa Wajerumani, na kilichomjeruhi nyongani ni upanga wa bosi wake mwenyewe, wala si risasi ya adui. Alitibiwa misheni na mchungaji mwenye ujuzi wa udaktari. Anapofika mjini anapata kazi, anapata chumba, na anaanza kuulizwa. Khalifa, mzee mwenye nyumba, ni mdadisi wa aina ile tunayoijua sote: anakupenda, ndiyo maana anakuchokonoa. Hamza anakwepa. Hadanganyi, anatoa jibu fupi, kisha anaangalia pembeni. Nilipoisoma kwa haraka 2021 nilidhani ni ufundi tu wa mwandishi wa kututia hamu. Benchini nikaona ni kitu kingine. Khalifa anauliza kwa ajili ya Khalifa. Anataka kujua. Na mtu aliyeumizwa ana pua kali sana ya kunusa tofauti kati ya anayetaka kujua na anayetaka kusikia.

Afiya, anayekuja kuwa mke wake, hauliza hivyo. Na yeye ana mkono ulioharibika. Mjomba aliyemlea alimpiga na kumvunja kwa kosa la kujua kuandika. Wanaelezana kidogo kidogo, gizani, kila mmoja akiweka kipande chake. Kuna tukio ambalo limezungumzwa sana: Hamza, aliyefundishwa Kijerumani na ofisa wake, anachukua beti la Schiller na kulitafsiri kwa Kiswahili ili ampe Afiya. Wahakiki wengi wamelifurahia kama daraja kati ya tamaduni. Sawa. Lakini hebu angalia ni beti gani alilichagua. Ni lile la mpenzi anayeshindwa kutamka hata neno moja kwa sababu masikio yamezagaa kila upande. Mtu mwenye jeraha anatafuta cha kumwambia mwanamke anayempenda, na kati ya maneno yote ya Kijerumani yaliyomo kichwani mwake, anachagua yanayohusu wasikilizaji waliozidi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Tunapoongelea namna madaktari wanavyozungumza na wagonjwa juu ya maumivu ya zamani, tunaongea kana kwamba chumbani wako wawili. Kwetu hawako wawili. Yupo mjukuu anayetafsiri. Yupo mume aliyeshika kadi. Yupo muuguzi anayeingia kuchukua mkasi, na mgonjwa anayefuata ambaye ameshachungulia mlangoni. Fasihi ya njia hii ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, imelijua hilo kabla ya vyuo vya udaktari. Karibu kila simulizi la mtu aliyeumizwa kwenye njia hii limetufikia kupitia mtu wa tatu.

Chukua habari za Bwanikwa, ambazo Marcia Wright alizirudisha kwa wasomaji katika kitabu chake cha 1993 juu ya mikakati ya watumwa na wanawake. Bwanikwa alikuwa Mluba. Baba yake alimtoa akiwa mtoto ili kulipa deni, na baadaye akapita mikono mingi, ikiwemo mji mkuu wa Msiri huko Katanga, na huyo Msiri asili yake ni huku kwetu, magharibi ya Tabora. Aliyeandika maisha yake ni mmisionari Dugald Campbell. Alihesabu mara ambazo mama huyu alikuwa mtumwa, zikafika kumi, na hesabu hiyo ikaingia hadi kwenye kichwa cha habari. Nimejiuliza sana juu ya hiyo kumi. Mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe hahesabu hivyo. Anayehesabu ni msikilizaji mwenye kalamu anayejua wasomaji wake watachangia misheni wakisikia namba. Simsingizii Campbell uongo; bila yeye Bwanikwa asingekuwepo mbele yetu. Ninachosema ni kwamba kwenye kila sentensi ya Bwanikwa kuna kiti cha Campbell.

Ukitaka kinyume chake, soma Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Huyu alikuwa na watu wake hapa Tabora. Baba yake alioa kwa mtemi Fundikira. Tippu Tip anasimulia mwenyewe, kwa Kiswahili chake, na anasimulia vizuri ajabu: pembe, frasila, vita, nani alimdai nani. Ni kati ya nathari safi kabisa tulizonazo. Na hakuna anayelia humo. Mshindi hana haja ya mkalimani, na wala hakuna anayemuuliza anavyolala usiku.

Katikati ya hao wawili amekaa mtu ambaye nashangaa hajaandikiwa riwaya mpaka leo. Adrien Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, huko ambako leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Mapadre Weupe huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, ngome ambayo Wabelgiji waliijenga 1879 kisha wakawaachia Mapadre Weupe. Hakuondoka. Alitibu watu pale hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 ya udaktari mahali pamoja, watoto, wazazi, wajukuu. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa daktari wa familia magharibi ya Tanzania, ni yeye.

Na fikiria wagonjwa wake wa mwanzo. Karema ilikuwa kimbilio na makazi ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Daktari na mgonjwa walikaa kwenye chumba kimoja, wote wawili wamewahi kununuliwa. Mmoja alipita jangwani na mwingine miombo, lakini bei waliijua wote.

Atiman aliandika habari za maisha yake, zikachapishwa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, yeye akiwa na miaka kama themanini. Nawashauri mzitafute. Lakini zisome mkijua zilitoka wapi: ni jarida lililosomwa zaidi na maofisa wa kikoloni na wamisionari, na masimulizi ya waliokombolewa na misheni yana umbo lake linalojulikana, kama mahubiri yalivyo na umbo. Kutekwa, kukombolewa, kufundishwa, kutumwa. Maumivu yanaruhusiwa kuingia mradi yawe ngazi ya kupandia kwenda kwenye heri. Mimi huwa nasoma maandishi ya namna hii nikitafuta pale ambapo ngazi inakosa kipandio, pale mzee anapokumbuka kitu ambacho hakimpeleki popote. Pale ndipo huyo mtoto wa Niger bado yupo.

(Tabora ina daktari mwingine maarufu zaidi wa njia hii, Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872 na tembe lake bado watalii wanapelekwa kuliona. Nimeenda mara tatu. Kila mara mtu anaulizia Stanley. Sijawahi kusikia anayeulizia wagonjwa.)

Huko Ulaya wenzetu wana kitabu kinachotajwa kila daktari na mgonjwa wanapoongelewa: A Fortunate Man cha John Berger, cha 1967, chenye picha za Jean Mohr. Kinamhusu daktari wa vijijini Uingereza, ambaye Berger anamwita John Sassall. Anawajua watu wake wote, anawasikiliza, na Berger anamwona kama mtu anayewatunzia wanakijiji kumbukumbu ambazo wao hawana nafasi ya kuzitunza. Nakipenda kitabu hiki kuliko ninavyoweza kueleza, na bado kinanikera. Humo ndani hakuna foleni. Milango inafungwa na mtu anaongea lugha yake ya kuzaliwa na daktari wa lugha hiyo hiyo. Daktari halisi alijiua mwaka 1982, na ukishajua hilo huwezi tena kusoma kurasa zile bila kujiuliza yeye alikuwa anamwambia nani. Swali hilo nimelibeba hadi Tabora. Yule kijana aliyemvutia Bibi stuli, akimaliza watu arobaini, anaenda kumwambia nani?

Kuna kisa kimoja cha kidaktari ninachokipenda kwa sababu kinaanza na ulimi kuteleza. Vincent Felitti alikuwa daktari San Diego, Marekani, kwenye kliniki ya watu wenye unene uliozidi. Anasimulia kwamba katikati ya miaka ya 1980 alikuwa anamuuliza mgonjwa maswali ya kawaida, umri, uzito, akakusudia kumuuliza alikuwa na umri gani alipoanza mahusiano ya kimwili. Akateleza, akamuuliza alikuwa na uzito gani. Mwanamke akataja uzito wa mtoto mdogo, akaanza kulia, akasema aliyemfanyia ni baba yake. Kutokana na mteremko huo ukaja utafiti mkubwa wa mambo mabaya ya utotoni na afya ya ukubwani, uliochapishwa 1998 na uliohusisha watu zaidi ya 17,000 kwa ujumla. Siku hizi kila semina ya afya ya akili inautaja. Kinachonivutia mimi ni njia waliyoitumia kuwauliza hao maelfu: karatasi. Dodoso lilitumwa nyumbani, mtu akalijaza peke yake. Karatasi nayo ni mtu wa tatu, ila ni mtu wa tatu asiyemjua shangazi yako.

Upande wa pili wanatahadharisha. Kwa muda fulani ilidhaniwa kwamba mtu aliyepatwa na balaa akalishwe chini mara moja asimulie yote, atue mzigo. Tafiti zilipokusanywa zikaonyesha kikao kimoja cha namna hiyo hakimkingi na madhara ya baadaye, na Shirika la Afya Duniani haliushauri mtindo huo. Waandishi wa habari, mimi wa kwanza, tungepaswa kubandika hilo ukutani. Tumekaa na akina mama wangapi, kinasa sauti mezani, tukiwaambia "simulia tu mama, utajisikia vizuri"?

Liisa Malkki alikuja magharibi ya Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kuongea na wakimbizi wa 1972, watu wa bibi yangu, na kitabu chake cha 1995, Purity and Exile, ni kitabu nilichokichukia kwanza kisha nikakisamehe. Alikaa Mishamo na akakaa Kigoma mjini. Mishamo watu walimsimulia historia ya mauaji kama kwaya: kila mtu anaijua sauti yake, mpangilio ule ule, mafunzo yale yale. Kigoma mjini wenzao walikuwa wamejichanganya na watu, wameoa na kuolewa, na hawakuwa na haja ya kuitwa wakimbizi wala ya kusimulia. Malkki anaeleza wazi kwamba hakuchokonoa pale alipoona hatakiwi. Nilichochukia ni kwamba nilikuwa namtafuta bibi yangu humo nikakuta kwaya. Nilichosamehe ni kwamba kumbe aliandika alichokisikia. Hadithi ya kwaya ina wafalme, ina mwaka, ina adui mwenye jina. Mtoto mmoja mgongoni, kwenye mto mmoja, hana beti lake humo. Unaweza kuimba kwaya miaka hamsini, kwa sauti kubwa kuliko wote, bila yeye kutajwa.

Kwa hiyo mambo mengine hutoka kwa njia nyingine. Wanyamwezi wana mfumu, na ukienda kwake hukai ukaorodhesha dalili. Yeye ndiye anayetakiwa aseme kilichokuleta. Wewe na ndugu uliokuja nao mnaitikia au mnanyamaza. Msomi atacheka. Mimi simtetei mfumu, wapo waliofilisika na waliokufa mikononi mwao. Lakini kama namna ya kuzungumza, angalia kazi inayofanyika pale: mgonjwa hajabebeshwa jukumu la kulitamka neno. Limesemwa na mwingine, na yeye ana uhuru wa kulikataa.

Gurnah anaijua njia hii. Katika sehemu za mwisho za Afterlives mtoto wa Hamza na Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake Ilyas aliyepotea vitani, anaanza kunong'ona na kusema kwa sauti isiyo yake. Familia inamleta shekhiya, ubani unawashwa, ngoma inapigwa, na mama huyo anatoa majibu: aliyekuja anataka Ilyas atafutwe. Wapo waliosema tukio hili ni mapambo ya kienyeji, na 2021 nilikaribia kukubaliana nao. Sasa naona ndiyo kliniki pekee inayofanya kazi kwenye riwaya nzima. Wazazi wamebeba swali miaka na miaka bila kulifikisha popote, mtoto ndiye anayeugua swali hilo, na shekhiya ndiye anayelitamka mbele za watu. Mdomo wa tatu, na wa nne.

Nina lawama yangu kwa Gurnah, na haijaondoka hata kwa usomaji wa pili. Akishafika hapo anakimbia. Kijana anakwenda Ujerumani miaka ya 1960, anapekua nyaraka, anagundua mjomba alikofia: kambi ya Sachsenhausen, 1942. Imeandikwa kikavu kama ripoti. Wengine wanasema ukavu huo ndio uchungu wenyewe, kwamba watu wetu huko Ulaya walibaki mistari kwenye faili. Naelewa. Lakini nilitaka kukaa sebuleni siku ile barua au habari inapofika, nimwone Afiya anasikiaje. Riwaya iliyojenga kwa uangalifu mkubwa namna hii ya kuuliza ilinidai tukio moja la kupokea jibu, na haikunipa.

Riwaya zetu za Kiswahili nazo hazijafanya vizuri zaidi. Daktari wetu wa kwenye riwaya anaingia ukurasa mmoja, anatoa majibu, ni mimba au ni virusi, anatoka, hadithi inaendelea. Ni tarishi mwenye koti jeupe. Nimejaribu kukumbuka daktari wa riwaya ya Kiswahili anayenyamaza ili mgonjwa aongee, sijampata wa kumtaja hapa. Hii ni nchi ambayo mtu wa Tabora akikutana na mwenzake asubuhi, "mwangaluka" peke yake haitoshi. Mtauliziana mhola wa nyumba, wa watoto, wa ng'ombe, mpaka ukweli ukipenda utoke. Ufundi wa kuuliza tunao barabarani. Ukivuka kizingiti cha zahanati unabaki nje na kandambili.

Nimerudi kwenye lile "Hapana, hajawahi" mara nyingi. Nimejitetea kwa namna zote. Kwamba kulikuwa na foleni. Kwamba sikuwa na neno la Kiswahili lililo tayari. Kwamba Bibi alinijibu mimi, si daktari, maana alikuwa ananitazama mimi alipoisema ile sentensi. Hili la mwisho ndilo linalonisumbua. Inawezekana kabisa kwamba daktari ndiye aliyekuwa mtu wa tatu, kisingizio tu cha kuniambia jambo ambalo miaka thelathini na kitu ya kukaa jikoni naye halikupata mlango. Na mimi nikalipokea, nikalifunika, nikasema hapana.

Mama sijamuuliza kama anajua.

Kliniki iliyofuata ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Mvua ilishanyesha, njia ya kutoka Ulyankulu imeanza kuharibika, tukachelewa. Daktari alikuwa yule yule. Aliangalia faili, akaangalia kile kipimo cha moyo kisicho na neno, akaniambia kwa upole kwamba leo angependa kuongea na Bibi wakiwa wawili. Nikamwambia Kiswahili chake ni cha sokoni. Akasema, "Haina shida, na mimi mama yangu anauza sokoni."

Nikatoka nikakaa benchini na Gurnah wangu. Sikusoma. Nilisikia stuli ikivutwa, kisha sikusikia kitu kwa muda mrefu, kisha sauti ya Bibi, chini sana, lugha sikuitambua. Watu wa foleni walianza kulalamika. Muuguzi akagonga, akaambiwa asubiri.

Alipotoka alinipa kadi ya dawa nimshikie, akafunga kitenge chake vizuri, akauliza kama embe zimeshashuka bei sokoni, kwa sababu za mwaka jana zilimpita hajala hata moja.